Sarafu Niliyoiyeyusha

Vijana wa kanisa letu wameniomba niwaandikie juu ya kazi niliyoifanya hapa Birmingham. Katibu wao, binti mwenye adabu sana, akaniambia wangependa mambo ya kuwatia moyo. Nimekaa na kalamu siku tatu nikiyatafuta, na ninayo machache. Lakini jambo ninalolikumbuka kuliko mengine yote katika miaka yangu ya kupima dhahabu halimtii mtu moyo, na nikiliruka nitakuwa nimewaandikia uongo. Kwa hiyo nitalisema. Nikizungukazunguka kidogo kabla ya kulifikia mnivumilie, maana mtu akistaafu maneno humzidi na wasikilizaji humpungukia.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wivu. Nilizaliwa nao. Dada zangu kule Voi watawaambia kwamba mtoto wa jirani akivaa gauni jipya mimi nililala bila kula. Hata ninyi nawaonea wivu. Nawaona mkienda kusomea usonara na vyeti vyenu, mkifundishwa na walimu wanaowavalisha miwani ya kukinga macho, na nasikia kitu kikinichoma hapa chini ya mbavu. Mimi niliingia kazini kwa ufagio.

Mume wangu alikuja kusoma, nikamfuata. Miaka miwili niliwaosha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Longbridge, mpaka mgongo ukakataa. Rafiki yangu akanielekeza kwenye karakana ndogo katika mtaa wa masonara, ambako walitaka mtu wa usafi. Mwenye karakana alikuwa Mhindi mwembamba, nywele nyeupe, jina lake Kantilal, lakini kila mtu alimwita Kantibhai. Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu kuukuu, pete zilizokatika, mikufu, meno ya dhahabu, akaipima, akaiyeyusha, akawauzia masonara.

Siku ya kwanza nilifagia sakafu ikang'aa. Nikazoa vumbi lote nikalimwaga kwenye pipa la nje, nikajiona mfanyakazi hodari. Kantibhai aliporudi akaitazama sakafu, kisha akaketi taratibu kama mtu aliyepokea habari za msiba. Katika karakana ya dhahabu vumbi halitupwi, wanangu. Linawekwa kwenye debe, linachomwa mwisho wa mwaka, na chembe zote zilizoanguka chini ya tupa na msasa zinatoka humo. Hata maji ya kunawa mikono yanaachwa yatuame. Tukatoka wote wawili tukainama juu ya pipa lile, yeye na suti yake, mimi na aproni yangu, tukirudisha vumbi kwa vijiko. Nikajigonga goti kwenye chuma, nikatamka neno ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi ya kanisa. Nililitamka kwa Kiswahili.

Mikono yake ikasimama. "Hiyo neno," akasema, "mimi nasikia mara ya mwisho Kisumu."

Alizaliwa Kisumu. Baba yake alikuwa na duka la masufuria na karakana ndogo ya usonara nyuma yake. Kuanzia siku ile Kiingereza tuliwaachia wateja. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli hata moja, lakini hakikupungukiwa na kitu kingine, na katika Kiswahili hicho ndimo nilimofundishwa kazi.

Alinifundisha kwa jiwe. Najua ninyi mna mashine, lakini sikilizeni. Ni jiwe jeusi, laini, dogo kuliko kipande cha sabuni. Unasugua dhahabu juu yake mpaka iache mstari. Kando ya mstari huo unasugua sindano ya mfano, yaani kijiti chenye ncha ya dhahabu ambayo karati zake zinajulikana. Karati ishirini na nne ni dhahabu tupu, na kila inapopungua ujue kuna shaba au fedha iliyoingizwa. Kisha unapitisha tone la tindikali juu ya mistari miwili, unatazama upi unafifia kwanza. Hilo mtalisoma kitabuni. Yasiyo kitabuni ni haya: usipime mkufu kwenye kifungo, kwa sababu tapeli anajua mpimaji mvivu huanzia hapo, naye huweka kifungo cha dhahabu safi kwenye mkufu wa shaba. Piga tupa kwanza, uingie ndani ya ngozi ya kitu. Kaa kwenye dirisha la upande wa kaskazini ambako jua halichomi. Usipime ukitoka kutazama simu. Na usipime ukiwa na hasira na mtu, kwa sababu mkono wenye hasira unakandamiza. Hili la mwisho Kantibhai alinirudia mara nyingi kuliko mengine, na nilidhani ananifundisha habari za mkono.

Nilitoboa sketi mbili kwa tindikali kabla sijaelewa. Lakini nilielewa. Kufikia mwaka wa tano aliniachia kaunta akienda kula, na wateja wakaanza kuniulizia kwa jina. Nilikuwa na jiwe langu la kununua. Yeye alikuwa na lake, la babu yake, lililotoka India mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu likaja hapa ndani ya soksi. Hakumruhusu mtu kuligusa. Mwanawe alikuwa mfamasia na hakutaka hata kusikia harufu ya karakana. Nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba siku moja jiwe lile litakuwa langu. Nililiwaza nikiwa kwenye basi. Nililiwaza kanisani, Mungu anisamehe.

Ndipo akaja Furaha.

Furaha alikuwa Mkongo, mwanamke wa Bukavu, mpole, mdogo wangu kwa miaka kumi hivi. Kaka zake walikuwa wakinunua dhahabu kwa wachimbaji, na alikua akiona mavumbi ya dhahabu yakipimwa kwenye mizani kwa njiti za kiberiti. Kantibhai alimpa pete tatu azitazame. Akazishika, akazipasha joto kiganjani, akazipanga kutoka nzuri hadi hafifu bila kugusa jiwe wala tindikali, na alikuwa sawa. Siku hiyo hiyo akapewa kiti kwenye meza ya kazi. Mimi nilifagia mwaka mzima. Yeye hakushika ufagio hata mara moja.

Asubuhi ya pili akanisalimia, "Jambo, yaya." Nikanuna mpaka saa nane mchana. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu. Kantibhai ndiye aliyemuuliza, akarudi kunieleza kwamba kwao yaya ni dada mkubwa, na kwamba binti yule ananiheshimu. Nilipaswa kucheka, na kwa nje nilicheka. Ndani nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba amemheshimu mtu asiyestahili, naye hajui.

Wivu wa kazini hauna ukubwa, ni vitu vidogo vidogo. Nilisikiliza ni mara ngapi Kantibhai ametaja jina lake kabla ya chai. Nilijua kicheko anachocheka naye, kirefu kuliko anachocheka nami. Alipokuja na sombe yake ya nyumbani, yaani kisamvu, Kantibhai, mtu asiyekula nyama, akaomba aionje, naye kumbe alikuwa ameipika bila samaki kwa ajili yake. Mimi nilikaa naye miaka kumi na miwili na sikuwahi kumpikia kitu.

Kisha ikaja mashine. Ilikuwa na ukubwa wa zile za kupashia chakula moto. Unaweka kitu ndani, unafunga, inakipiga miale, na baada ya muda mfupi inakuandikia dhahabu kiasi gani, shaba kiasi gani, fedha kiasi gani. Kantibhai akanikabidhi mimi. Alisema nina macho mazuri ya kusoma na sichoki. Nilitembea kwa madaha wiki mbili. Halafu asubuhi moja ya Jumatatu nikaingia, nikaona jiwe la babu yake limelala juu ya meza ya Furaha, juu ya kitambaa chake cha njano. Hakuna aliyeniambia kitu. Nikaweka mkoba wangu chini, nikawasha mashine, na siku nzima nikasoma namba.

Sasa ndiyo nafika.

Ilikuwa Alhamisi. Kantibhai alikuwa Leicester kwenye harusi ya mpwa wake, harusi za kwao huchukua wiki. Akaingia mzee mrefu, koti safi, kofia mkononi. Nitamwita Mzee Ron. Alikaa Shard End, na maisha yake yote ya kazi alifunga milango ya magari katika kiwanda cha Longbridge kabla hakijafungwa. Mkewe, Maureen, alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Alitoa kopo la peremende za kikohozi, na ndani yake, katika pamba, mlikuwa na sarafu moja ya dhahabu, nyembamba, pana kama sarafu ya pauni mbili, na mfalme amekaa kwenye kiti chake. Mkewe aliirithi kwa mama yake, na mama yake alikuwa ameishonea kwenye pindo la pazia, asimwambie mtu hata siku moja kwa nini. Mzee Ron alitaka kuiuza amwekee mkewe jiwe la kaburi.

Mfalme mwenyewe mnamjua kutoka shuleni, yule mnene aliyeoa wake sita. Nikaiweka kwenye mashine. Ikasema karati ishirini. Ukutani tulikuwa na orodha ya sarafu za kale, Kantibhai aliiandika kwa mkono wake, na kwa mfalme huyo ilisema ishirini na tatu. Rangi yake nayo ilikuwa na wekundu wa shaba. Utaratibu wetu ulikuwa wazi: sarafu ya kale ikitia shaka kwenye mashine, ipelekwe kwenye jiwe kwanza, ndipo mteja ajibiwe. Na jiwe lilikuwa kwa nani? Sikutaka kumpelekea kitu anipindulie namba zangu mbele ya mteja. Nikamjibu mzee pale pale kwamba ni bandia.

Akasema, basi mama mkwe wake alidanganywa. Akaomba aiache mpaka Jumamosi, azungumze na binti yake. Nikamwandikia stakabadhi, na alipotoka nikaipeleka sarafu kwa Furaha kutimiza utaratibu, kama mtu anayefunga mlango baada ya ng'ombe kutoka.

Ijumaa mchana Furaha aliniita kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa na sombe katika bakuli, akanigawia nusu. Akasema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu mwingine:

"Yaya, ile pesa haiko ya bongo. Mfalme njo alikuwa mwongo."

Bongo kwao ni uongo. Akanieleza. Alipoisugua, mstari ulikuwa sawa juu na ndani, hakuna ngozi iliyopakwa. Magoti ya mfalme yalikuwa yamelika kwa kushikwashikwa, na pale palipolika rangi ilikuwa ile ile. Akajiuliza, mwizi gani anatengeneza sarafu ya uongo halafu anaitia dhahabu yote ile? Jioni akaenda maktaba. Akasoma kwamba mfalme yule alitaka vita na Wafaransa na Waskoti, askari wanataka mishahara na hazina imekauka. Basi akaamuru dhahabu ya sarafu iongezwe shaba na fedha. Kutoka karati ishirini na tatu wakashuka ishirini na mbili, wakafika ishirini. Sura ya mfalme ile ile, jina la sarafu lile lile, na raia wakalazimishwa kuipokea kama ya zamani. Dhahabu ya sarafu moja ikawa inatoa sarafu moja na kitu, na ile nyongeza ikaenda vitani. Orodha ya Kantibhai ilikuwa ya kabla ya hapo. Kwa hiyo karati ishirini hazikuwa ushahidi kwamba sarafu ni bandia. Zilikuwa ushahidi kwamba ni yenyewe, na kwa watu wanaokusanya vitu hivyo ina thamani mara nyingi kuliko dhahabu iliyomo.

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nilipaswa kusema ahsante. Nilichofikiri ni kwamba amekwenda maktaba. Mimi sikufikiri kwenda maktaba.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Furaha ni Msabato, hafanyi kazi siku hiyo. Akanishika mkono wa gauni. "Umuambie wewe," akasema. "Wewe njo ulimuambia ya kwanza, umuambie na ya pili. Kantibhai haina lazima ajue."

Mnaona alichofanya. Alikuwa ameniona nikikosea, akanitengenezea mlango wa kutokea bila aibu. Na mimi nikamchukia kwa ajili ya mlango huo.

Jumamosi Mzee Ron akaja mapema. Alikuwa mchangamfu kwa namna ya watu waliokwisha kukata tamaa. Aliniambia binti yake, Linda, alicheka aliposikia. Alisema bibi alikuwa hivyo siku zote, mtu wa kushona takataka kwenye mapazia na kujifanya ana siri. Naye mzee akacheka pamoja naye. Kisha akaegemea kaunta, akanitazama vizuri.

"Hakuna shaka, mama?" akauliza.

Maneno yote nilikuwa nayo, yamepangwa. Lakini niliona jinsi yatakavyokwenda. Ataniuliza nimejuaje. Nitasema mwenzangu ndiye aliyegundua, yule anayekaa pale dirishani na jiwe. Atataka kurudi siku nyingine amshukuru. Atamletea biskuti. Kantibhai atasikia Jumatatu, na kile kicheko kirefu kitatoka.

"Mashine haina shaka," nikamjibu.

Akauza kwa bei ya dhahabu ya kuyeyushwa. Nilimhesabia, akaweka kofia kichwani, akaniaga kwa heshima. Nikawasha tanuri. Nikaitia sarafu ndani ya chungu pamoja na mikufu ya wiki ile, nikasimama nikitazama kupitia kioo cheusi. Haikuchukua muda. Kwanza ukingo ulilegea, kisha katikati, kisha ikawa sawa na vitu vingine.

Niliahidi kuwaambia ukweli, basi huu hapa: nilifurahi. Nilirudi nyumbani kwa basi nimefurahi, nikapika wali, nikaimba.

Jumatatu Furaha akauliza. Nikasema mzee ameichukua sarafu yake akaenda nayo nyumbani, amefurahi mno. Akapiga makofi kidogo, vidole tu, kama anavyofanya. Baada ya wiki hivi akapata wazo la kumwandikia barua, amwombe aipeleke ikaonekane na wataalamu wa makumbusho. Akafungua daftari la kaunta kutafuta anwani. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona akisoma mstari ule, kwa mwandiko wangu: imenunuliwa, imeyeyushwa. Akausoma mara ya pili. Akanitazama, si kwa hasira, kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamfahamu sura. Akafunga daftari, akalirudisha mahali pake, akaendelea na kazi.

Nilingoja amwambie Kantibhai. Siku ya kwanza, ya pili, mwezi. Hakumwambia. Miaka minne hakumwambia mtu. Lakini kuanzia siku ile hakuniita yaya tena. Aliniita Madame Wakesho, kwa adabu kamili, kama wateja. Na mimi, mkitaka kujua wivu ulivyo, nilimwonea wivu hata kwa ukimya ule. Nilijua kwamba mimi nisingeuweza hata juma moja.

Miaka minne hiyo nilifanya kazi nzuri, na wateja walinisifu. Sina la kusema zaidi juu yake.

Kisha jumba moja la makumbusho la mjini likatafuta mtu wa kuangalia dhahabu zake za kale, Furaha akaomba nafasi, na barua ikaja kwetu kuuliza habari zake. Macho ya Kantibhai yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, hawezi kusoma. Akaniambia, "Wewe andika, mimi weka sahihi. Wewe najua yeye zaidi."

Niliandika barua tatu. Ya kwanza ilisema ni mfanyakazi mzuri, anafika kwa wakati na ni msafi. Shikeni hilo, ninyi mtakaokuja kuwa wakubwa wa watu: hivyo ndivyo unavyomzika mtu bila kumsema vibaya. Ya pili ilisifu jicho lake, na mwishoni ikagusia kwamba hapendi mashine. Nikaisoma, nikaona jinsi nilivyopaka maneno mazuri juu na kuficha shaba ndani, na nikaona haya. Ya tatu niliandika yaliyotokea. Niliona hakuna njia nyingine ya kuonyesha jicho lake. Kila ushahidi mwingine niliokuwa nao ulikuwa mdogo kuliko ule. Niliandika kwamba ililetwa sarafu, mimi kwa mashine nikasema bandia, yeye kwa jiwe na kwa kwenda kusoma akasema ya kweli, akanituma nimwambie mwenyewe, nami nikaiyeyusha kwa wivu.

Na kwa kuwa Kantibhai hakuweza kusoma, ilinibidi nimsomee kwa sauti.

Nilisoma kwa Kiingereza kama nilivyoandika, nikisimama mbele ya meza yake kama mtoto wa shule. Nilipomaliza alisugua kidole gumba.

"Wewe yeyusha?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Ndiyo, Kantibhai."

"Sababu ya jiwe yangu?"

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari za jiwe. Nikasema ndiyo.

"Mimi napa yeye kwa sababu yeye hapana taka," akasema. "Wewe taka sana. Mtu nataka jiwe sana, hapana ona dhahabu. Mimi naona hii, lakini hapana sema. Hii kosa yangu." Akanyoosha mkono nimwonyeshe pa kuweka sahihi. Alipomaliza akasema, "Sasa chukua koti. Peleka mimi kwa huyu mzee."

Tulikwenda Shard End kwa teksi. Mzee Ron alitufungulia akiwa na slipa miguuni, akatupa chai. Kantibhai alimlipa pengo lote la thamani bila ubishi, na mimi nikakatwa mshahara mpaka likaisha, na ilikuwa haki. Lakini Mzee Ron hakushughulika sana na hilo. Jiwe la kaburi lilikwisha kuwekwa, dogo, alituonyesha picha. Alichouliza ni kimoja.

"Kwa hiyo mama yake hakudanganywa?"

Nikasema hakudanganywa na mtu, isipokuwa na mfalme.

Alitikisa kichwa polepole. Akasema Maureen alimwamini mama yake siku zote, na yeye alisimama jikoni kwake akawacheka mama huyo na Maureen mwenyewe baada ya wote wawili kuzikwa. Kisha akaniambia mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza Linda. Yeye hawezi.

Linda alikaa Hodge Hill, nyumba iliyoungana na ya jirani, ua mdogo mbele. Kantibhai alibaki kwenye teksi. Nilieleza nikiwa mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu. Alisikiliza yote mikono ameikunja. Sikuomba msamaha mpaka mwisho, maana niliona ningeuomba mapema ningekuwa nanunua huruma.

"Mapazia tuliyatupa," akasema. "Baba aliporudi kutoka kwenu. Mapazia yote ya bibi, tuliyajaza kwenye mifuko."

Kama kulikuwa na sarafu nyingine katika pindo zile, hakuna atakayejua. Hakunifungia mlango kwa nguvu. Aliufunga kama mtu anayefunga nyumba yake kwa sababu kuna baridi.

Furaha akapata kazi. Barua yangu walimsomea kwenye mahojiano, nilisikia baadaye, na hakusema neno juu yake. Yuko huko mpaka leo. Siku hizi watu hutoka mbali kuja kumuuliza. Wajukuu zangu walipelekwa na shule yao, wakarudi wakinieleza kwa Kiingereza habari za mama mmoja Mkongo anayejua dhahabu kwa kuishika, wakashangaa nilipowaambia namjua.

Siku yake ya mwisho kwetu ilikuwa Ijumaa. Alikunja aproni yake, akapita kuaga. Alimkumbatia Kantibhai, mzee akalia bila kuficha. Wakati huo huo akaingia yule kijana wa kuleta vifurushi, mtu ambaye hata jina lake hatukulijua, amebeba boksi, na Furaha, machozi yakiwa bado yanamtoka, akamkumbatia naye, boksi likiwa katikati. Kisha akafika kwangu. Akanipa mkono. Ulikuwa mkavu, na kwenye kidole gumba kulikuwa na doa la tindikali kama tulilo nalo sote. Akasema nibaki salama. Nikasema aende salama.

Nimewaonea watu wengi wivu katika maisha yangu, kwa nguo, kwa waume, kwa jiwe, kwa akili. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mleta vifurushi.